Bibi yangu anaisomea simu Bismillahi! Nilicheka, sasa sicheki

Wiki hii sina stori ya mapenzi wala ya disko. Nina stori ya bibi yangu mzaa mama, anayeishi Mikese, pale kwenye barabara ya Dar kabla hujaingia Morogoro mjini.

Bibi ana simu ya kitochi. Ikilia haipokei hivi hivi. Kwanza anafuta mkono kwenye khanga, anasema "Bismillahi", ndipo anabonyeza. Akimaliza, "Alhamdulillahi". Nilipomwona mara ya kwanza nilicheka mpaka machozi.

"Bibi, hiyo simu bwana, siyo msahafu!"

Akanitazama tu. "Mjukuu wangu, sauti ya mwanangu aliye Dar inaingia humu kiganjani. Wewe unaona jambo dogo?"

Nikanyamaza, ila moyoni nilimwona mshamba.

Siku ya tatu usiku, dada yangu huko Dar akashikwa na uchungu. Mimba ya kwanza, na alishaambiwa mtoto amekaa vibaya. Simu yangu ya kupapasa, ile ya maringo, chaji kwisha na umeme hakuna. Ikabaki kitochi ya bibi, nayo mtandao inaupata vizuri chini ya mwembe tu. Tukatandika mkeka huko, simu katikati yetu. Saa nane. Saa tisa. Kimya! Bibi anavuta uradi, mimi nakodolea simu. Mbele yetu milima ya Uluguru imekaa, nyeusi tii.

Ili nisilie, bibi akanipigia hadithi. Zamani wazee walipanda huko kumwomba mvua Kolelo, mzimu walioamini anakaa pangoni.

"Sisi tunamwomba Mungu, lakini mlima ni ule ule. Na maji unayooga Dar, unajua yanatoka wapi?"

Nilijua, tena tangu shule. Mto Ruvu unaanzia Uluguru, ndio unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Oktoba 2022 ukame ulipoupunguza, jiji zima tulihangaika na madumu. Nilijua, lakini sikuwahi kufungua bomba nikaukumbuka mlima.

Saa kumi na nusu simu ikalia. Bibi akanisukumia mimi. Mkono unatetemeka, nikajikuta nimesema kwa sauti, "Bismillahi."

Alikuwa shemeji. Wamempasua. Mtoto wa kike, mzima. Mama naye mzima. Bibi akaanguka sijida palepale mkekani.

Sasa nimerudi Manzese. Jamani msinielewe vibaya, siabudu simu. Ni plastiki na betri tu. Lakini siku hizi kabla ya kupokea, au kufungua bomba, nasimama kidogo. Upande wa pili kuna mtu. Au kuna mlima.

Wewe kila asubuhi kitu cha kwanza kushika ni simu. Unasema nini kabla hujaibonyeza?

Haya, tuonane wiki ijayo.