Lugha kama Kiunzi katika Programu za Kujifunza kwa Ushirikiano

Utangulizi

Tangu Machi 2020, shule na vyuo vya Kenya vilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya Korona, ufundishaji kwa njia ya mtandao umekuwa jambo la kawaida katika vyuo vikuu. Walakini, mara nyingi kinachoitwa mafunzo ya mtandaoni ni mhadhara uliohamishwa tu: mhadhiri huweka maandishi yake, mwanafunzi huyasoma, kisha hujibu maswali. Makala haya yanakusudia kueleza programu za aina nyingine, zilizobuniwa kutokana na utafiti ili wanafunzi wajenge maarifa pamoja. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba kiini cha programu hizo ni suala la lugha, na kwa hivyo linawahusu wanaisimu sawa na linavyowahusu mafundi wa tarakilishi.

Chimbuko la programu hizi

Mfano ulio wazi zaidi ulianzia Kanada. Marlene Scardamalia na Carl Bereiter walichunguza namna watoto na watu wazima wanavyotunga insha, wakatofautisha njia mbili. Mwandishi mchanga hutoa yote anayoyajua kuhusu mada, moja baada ya jingine, mpaka yamwishie. Huko ni kusimulia maarifa. Mwandishi mpevu hupambana na mada yake hata maarifa yenyewe yakageuka katika kuandikwa. Hoja hiyo waliieleza kwa mapana katika kitabu kilichotoka mwaka 1987.

Swali lililofuata lilikuwa hili: je, darasa zima laweza kupangwa ili ligeuze maarifa badala ya kuyasimulia? Jibu lao lilikuwa programu ya CSILE, iliyojaribiwa kwanza mwaka 1983 na kutumiwa katika shule ya msingi mjini Toronto mwaka 1986. Mrithi wake, Knowledge Forum, alitoka mwaka 1997. Ndani yake mna hazina moja ya darasa zima. Mwanafunzi huandika dokezo, nalo haliendi kwa mwalimu peke yake. Wenzake wote huliona, nao waweza kuliendeleza, kulinukuu, au kuandika dokezo jingine la juu linalokusanya mengi na kuyapatanisha.

Utafiti haukukoma programu ilipokamilika. Ilitazamwa darasani, ikarekebishwa, ikatazamwa tena. Mwaka 1992, Ann Brown na Allan Collins, kila mmoja kwa makala yake, walitetea utafiti wa namna hiyo, ambamo kubuni chombo na kuchunguza ujifunzaji huenda sambamba. Huko Helsinki, fikra za Toronto zilichangia kuzaliwa kwa Fle3, na huko Perth, Australia, Martin Dougiamas alitoa Moodle mwaka 2002. Moodle, inayotumiwa na vyuo vikuu kadhaa vya Kenya, ilijengwa juu ya imani kwamba mtu hujifunza vizuri anapounda kitu kwa ajili ya wenzake. Hata hivyo, programu hufungua mlango tu. Haimlazimishi mtu kuingia.

Viunzi na tafsiri yake

Kinachomsaidia mwanafunzi kuingia ni viunzi, yaani vifungu vifupi ambavyo huvichagua anapoandika, ili aonyeshe anafanya tendo gani la kifikra. Katika Knowledge Forum vifungu hivyo, kwa maana yake, ni: nadharia yangu, ninahitaji kuelewa, habari mpya, nadharia hii haiwezi kueleza, nadharia iliyo bora, kuunganisha maarifa yetu. Mwalimu ana ruhusa ya kuvibadilisha, na hapo ndipo kazi ya mwanalugha inapoanza.

Litazamwe neno "nadharia". Mtoto anayezungumza Kiingereza hutumia neno la namna hiyo nyumbani kwa dhana yoyote aliyo nayo. Katika Kiswahili, neno hili la asili ya Kiarabu limekaa zaidi katika vyumba vya mihadhara, na yamkini mwanafunzi wa sekondari ataona si lake. "Rai yangu" ni nyepesi, ila rai haidai ushahidi. "Ninavyodhani" humwachia mtu nafasi ya kukosea, lakini haimtaki aeleze sababu ya jambo. Huenda "maelezo yangu ya awali" yakafaa zaidi, kwa kuwa yanataka sababu na papo hapo yanaahidi marekebisho.

Kifungu cha nne kina uzito zaidi, kwani humkosoa mwenzako mbele ya darasa. Tafsiri ya moja kwa moja, "haiwezi kueleza", hufunga mjadala. Kiswahili kina njia nyingine: "maelezo haya hayajaeleza". Kiambishi -ja- katika ukanushi hudokeza kwamba jambo halijatimia lakini laweza kutimia. Msingi mmojawapo wa Scardamalia ni kwamba kila wazo laweza kuboreshwa. Hapa sarufi ya Kiswahili inaubeba msingi huo kwa silabi moja, tena kwa adabu, maana kinachokanushwa ni maelezo, si mtu.

Upo pia uamuzi wa nafsi. "Tunahitaji kuelewa" inasisitiza ushirika, lakini yaweza kumficha mvivu nyuma ya wenziwe. "Ninahitaji kuelewa" humtaka kila mmoja akiri pengo lake. Ushirika wa kweli huanzia hapo.

Tena, kujengeana hoja kwa maandishi si jambo geni kwa Waswahili. Katika malumbano ya ushairi magazetini, mshairi humtaja anayemjibu, hushika hoja yake, kisha huongeza au hupinga. Vifungu vya kufungulia majibu hayo ni hazina ambayo mbunifu wa viunzi angefaa kuichunguza kabla ya kutafsiri chochote.

Hitimisho

Programu ikiletwa na vifungu vya kigeni, au vilivyotafsiriwa kwa haraka, wanafunzi watavichukua kama mapambo na kurudia kusimulia maarifa. Njia iliyo bora ni ile ile iliyozaa programu hizi: kunasa kwanza majadiliano halisi ya wanafunzi kwa Kiswahili, kuteua humo vifungu vinavyofanya kazi ya kuuliza, kueleza, kukosoa na kupatanisha, kuvitia katika programu, kuvijaribu, na kuvirekebisha. Kazi hiyo yahitaji mwalimu, fundi na mwanaisimu wakae meza moja. Idara za Kiswahili zisipoifanya, itafanywa na wengine wasioijua tofauti ya "haiwezi" na "haijaweza".