Unamlisha mbwa nyama mbichi? Mfikirie na mtoto

Sikukuu imefika, mbuzi amechinjwa nyuma ya nyumba. Wanaume wanachuna, watoto wamezunguka kutazama, na mbwa wa nyumbani amelala hatua chache pembeni, macho hayabanduki kwenye karai. Mchunaji anatoa mapafu, anaona yana vivimbe kama malengelenge yenye maji, anayakata na kumrushia mbwa. Kila mtu anacheka jinsi anavyoyadaka. Jioni mtoto wa miaka minne anamkumbatia mbwa yuleyule, anamchezea manyoya, kisha anatia vidole mdomoni.

Wengi wetu tumeliona tukio kama hilo na hatukuona kosa. Siku hizi kumlisha mbwa kibichi kumepata hata sura ya kisasa. Kwenye simu zinazunguka video za wafugaji wa Ulaya na Marekani wakipanga kwenye bakuli nyama mbichi, ini, yai bichi na karoti iliyokwanguliwa, wakisema hicho ndicho chakula cha asili cha mbwa. Mzazi anayetazama anajiuliza: na mimi nifanye hivyo kwa mbwa wangu?

Jibu fupi ni hili: vyakula vinavyosifiwa kwenye video hizo vingi vina lishe kweli. Ila lishe hiyo haitokani na ubichi. Ukivipika, mbwa anabaki na karibu faida yote, na mtoto anaepushwa na hatari ambayo huku kwetu ni kubwa kuliko ilivyo kwa wale wanaopiga video.

Wazo lilikotoka

Mtu aliyelipa wazo hili nguvu ni daktari wa mifugo wa Australia, Ian Billinghurst, aliyetoa kitabu kiitwacho Give Your Dog a Bone mwaka 1993. Hoja yake ni kwamba mbwa ni wa ukoo wa mbwa mwitu, kwa hiyo alishwe mifupa mibichi yenye nyama, viungo vya ndani na mboga. Wafuasi wa ulishaji huo wakatengeneza kanuni inayotumika sana hadi leo: asilimia 80 nyama, asilimia 10 mifupa, asilimia 5 ini na asilimia 5 viungo vingine kama figo na bandama.

Kuna jambo la maana hapo. Anayeandaa chakula cha mbwa kwa mikono yake anajua alichoweka, na mbwa anapata protini badala ya kuishi kwa ukoko na mchuzi wa jana uliojaa chumvi.

Lakini mbwa wa leo si mbwa mwitu. Mwaka 2013 watafiti walioongozwa na Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walionyesha katika jarida la Nature kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu. Maelfu ya miaka ya kuishi karibu na jiko la binadamu yamembadilisha. Kwa hiyo ugali au wali haumdhuru mbwa mwenye afya. Kinachomdhuru ni kula ugali mtupu kila siku bila kitu kingine.

Vyakula vyenyewe, kimoja kimoja

*Nyama, moyo na bandama.* Hivi ndivyo vinavyompa mbwa protini na madini ya chuma. Moyo na bandama kwa kawaida ni nafuu kuliko steki, na mbwa hajali. Chemsha hadi ndani kusiwe na damu, na supu yake isiyo na chumvi imimine kwenye chakula, maana sehemu ya vitamini huhamia humo.

*Ini.* Lina vitamini A, vitamini za kundi B, chuma na shaba kwa wingi. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kudhani kikizidi ndiyo bora. Vitamini A hujilimbikiza mwilini, na ikizidi kwa muda mrefu huharibu mifupa ya mbwa. Kwa mbwa anayekula gramu 400 kwa siku, gramu 20 za ini zinatosha, yaani kipande kidogo tu.

*Mayai.* Yai ni chakula bora, lakini ute mweupe mbichi una kitu kinachoizuia vitamini iitwayo biotini isifyonzwe. Ukilichemsha, tatizo hilo linakwisha.

*Dagaa.* Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake midogo humpa mbwa kalsiamu, pamoja na mafuta mazuri kwa ngozi na manyoya. Waoshe vizuri kuondoa mchanga, na kama walitiwa chumvi waloweke na umwage maji. Baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, lakini moto hukiua.

*Boga, karoti na viazi vitamu.* Vinampa nyuzinyuzi na vitamini. Mbwa hameng'enyi vizuri mboga ngumu mbichi, ndiyo maana karoti nzima mara nyingi hutoka kama ilivyoingia. Chemsha na uponde.

*Mifupa.* Wanaosifu chakula kibichi wana haki katika hili: mfupa uliopikwa, hasa wa kuku, hupasuka kwa ncha kali na unaweza kumtoboa mbwa utumbo. Usimpe. Lakini mfupa mbichi nao huvunja meno, hukwama tumboni na hubeba vijidudu. Njia salama zaidi ya kumpa kalsiamu ni dagaa, pamoja na maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa unga laini. Kiasi cha unga huo akupangie daktari wa mifugo kulingana na uzito wa mbwa wako.

Hatari ya kwanza: vijidudu jikoni

Nyama mbichi inaweza kuwa na salmonela, listeria na aina hatari za bakteria wa E. coli. Kati ya mwaka 2010 na 2012 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipima sampuli 196 za vyakula vibichi vya mbwa na paka vilivyokuwa vikiuzwa. Sampuli 15 zilikutwa na salmonela, na 32 zilikuwa na listeria inayodhuru binadamu. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa mifugo cha nchi hiyo kilitoa msimamo wa kutowashauri watu kuwalisha mbwa na paka nyama na mayai yasiyopikwa. Hao ni watu wenye friza na minyororo ya ubaridi. Nyama iliyoning'inia bucha tangu alfajiri haiko salama zaidi.

Mbwa anaweza kubeba salmonela tumboni bila kuharisha wala kupoa. Anaitoa kwenye kinyesi, na baada ya kula anabaki nayo kwenye ulimi anaomlambia mtoto usoni. Wanaoumia zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu. Kugandisha nyama hakusaidii hapa, maana baridi huzuia bakteria kuongezeka lakini haiwamalizi.

Hatari ya pili: yale malengelenge ya mapafu

Turudi kwa mbuzi wa sikukuu. Vile vivimbe vyenye maji kwenye mapafu au ini vinaweza kuwa vifuko vya kiluwiluwi cha mnyoo tegu wa mbwa, yaani vifuko ambamo mnyoo huyo hukulia kabla ya kuingia kwa mbwa. Ugonjwa wake huitwa hidatidi. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana duniani kwa kuwa na wagonjwa wengi, na umekuwa ukionekana pia katika jamii za wafugaji kaskazini mwa Tanzania.

Mzunguko wake ni huu. Mbwa akila kifuko kibichi, minyoo hukua kwenye utumbo wake. Ni midogo sana, milimita chache tu, hivyo huwezi kuiona, na mbwa anaonekana mzima kabisa. Baada ya wiki kama sita huanza kutoa mayai kwenye kinyesi. Mayai hayo hunasa kwenye manyoya, hubaki kwenye udongo, kwenye majani na kwenye maji. Ng'ombe, mbuzi au kondoo akiyala, vifuko vipya huota ndani yake. Mtoto akiyameza kwa mikono michafu, vifuko huota ndani ya mtoto, mara nyingi kwenye ini au mapafu.

Kifuko hicho hukua polepole, kwa miaka. Mtoto aliyemeza yai akiwa chekechea anaweza kuja kulalamika maumivu ya tumbo au kukohoa akiwa kijana, na kipimo kikaonyesha uvimbe wa ukubwa wa chungwa au zaidi. Tiba ipo, lakini inaweza kuwa upasuaji mgumu au dawa za miezi mingi. Wakati huo hakuna anayekumbuka pafu alilorushiwa mbwa.

Jambo moja la kuelewa vizuri: binadamu haambukizwi hidatidi kwa kula nyama ya mbuzi huyo. Anaambukizwa kwa mayai yanayotoka kwa mbwa. Ndiyo maana mahali pa kuukata mzunguko ni bakuli la mbwa.

Sufuria ya mbwa

Kwa mbwa mzima mwenye afya, huu ni mfano wa kuanzia. Gawa chakula mafungu kumi:

- Mafungu matano: nyama, moyo au bandama.
- Mafungu matatu: ugali wa dona, wali au viazi vitamu.
- Fungu moja: boga, karoti au mboga nyingine laini.
- Nusu fungu: ini.
- Nusu fungu: dagaa.

Ongeza yai la kuchemsha mara mbili kwa wiki. Viungo vya ndani vichemke kwa angalau nusu saa baada ya maji kuanza kutokota. Usitie chumvi. Mbwa wa kilo 15 hula takribani gramu 300 hadi 450 kwa siku. Mtazame: akinenepa punguza, mbavu zikichomoza ongeza.

Usiuchukue mfano huu kama sheria ya maisha. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichambua mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha nyumbani na kukuta asilimia 95 yanapungukiwa angalau kirutubisho kimoja muhimu. Badilisha vyakula mara kwa mara, na umwonyeshe daktari wa mifugo unachompa. Mbwa mchanga na jike mwenye mimba au anayenyonyesha wasianzishiwe chakula cha nyumbani bila ushauri huo, kwa sababu mtoto wa mbwa anayelelewa kwa nyama bila kalsiamu ya kutosha hupinda na kuvunjika mifupa.

Vingine visiingie kabisa kwenye bakuli: vitunguu maji, vitunguu saumu, zabibu, chokoleti, na peremende au bazoka zisizo na sukari ambazo hutiwa kitamu kiitwacho zailitoli. Watoto wanapenda kumgawia mbwa pipi zao, hivyo waelezwe mapema.

Kanuni za nyumba yenye mtoto na mbwa

1. Kisu na kibao kilichokatia nyama ya mbwa vioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukatia kachumbari.
2. Bakuli la mbwa lisioshwe kwenye beseni la vyombo vya watu.
3. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kila akimaliza kucheza na mbwa, na kabla ya kula.
4. Mbwa asimlambe mtoto mdomoni.
5. Kinyesi kiokotwe kila siku na kufukiwa mbali na bustani ya mboga na mahali watoto wanapochezea.
6. Mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari. Si kila dawa huua tegu, hivyo uliza kama ina prazikwanteli. Mahali penye hidatidi na mbwa wanaozurura machinjioni, dawa hiyo huhitajika karibu kila wiki sita.
7. Nunua nyama na viungo vya ndani vilivyokaguliwa na afisa mifugo.

Na mbuzi wa sikukuu ijayo? Mchunaji akikuta mapafu au ini lenye malengelenge, lichomwe moto au lifukiwe shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua. Mwambie kabla hajaanza kuchuna, maana akishashika kisu na watu wamezunguka, mkono hurusha wenyewe. Bandama na vipande vilivyo safi viwekwe kwenye sufuria yao pembeni ya moto. Mbwa atasubiri nusu saa zaidi, atalalamika kidogo, kisha atakula ashibe. Na jioni mtoto akimkumbatia, atakuwa anamkumbatia mbwa tu.