The Prodigy: Muvi ya mtoto wa kutisha iliyomwaga siri yake mapema

Kama wikendi hii unasaka muvi ya kukutetemesha na msee akakutumia The Prodigy, tulia kwanza kabla hujachoma bando. Ilitoka 2019, inachukua dakika 92, na ukisimuliwa hadithi yake tu utaona ina kila kitu: mtoto mwenye macho ya rangi mbili, mama asiyejua ashike lipi, na roho ya muuaji iliyopata makao mapya. Shida ni kwamba woga wenyewe unaisha mapema sana. Nitakufichulia mambo kadhaa hapa, ila mwisho nitakuachia.

Sarah na mumewe John wanapata mtoto wao wa kwanza, Miles, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Wakati huohuo, jimbo jirani la Ohio, polisi wanampiga risasi Edward Scarka, muuaji aliyekuwa akiwakata wanawake mikono. Yule anakata roho, huyu anazaliwa. Kamera inakuonyesha hili, kisha lile, mpaka hata aliyesinzia anaelewa kilichotokea.

Miles anakua na akili ya ajabu. Anaongea mapema, anapelekwa shule ya watoto werevu. Akifika miaka minane, ngori inaanza. Yaya anakanyaga vioo vilivyovunjika. Mwanafunzi mwenzake anapigwa kwa spana. Usiku, usingizini, mtoto ananong'ona kwa Kihungaria, lugha ambayo hakuna mtu nyumbani anayeielewa.

Sasa niambie, wewe uliyekaa kwenye kochi, kuna kitu bado hujui? Sarah anazunguka kwa madaktari akitafuta jibu ulilopewa wewe kabla bisi hazijapoa. Kazi yako inabaki kumsubiri afike ulipo. Mkurugenzi Nicholas McCarthy anajaribu kujaza pengo kwa kukushtua: kimya, kimya, halafu sauti kubwa. Utaruka kidogo, ndiyo. Lakini hata mlango ukibamizwa na upepo unaruka, na hakuna anayeuita mlango muvi.

Tuwe wa haki. Mtoto mwenyewe, Jackson Robert Scott, anajua kazi. Ndiye Georgie, yule wa koti la mvua la manjano katika It ya 2017. Kuna sehemu moja hapa ambapo mtaalamu wa mambo ya roho, anayeigizwa na Colm Feore, anamlaza Miles usingizi wa kiini macho ili aongee na aliye ndani. Mtoto anamgeuzia kibao. Kwa upole kabisa anamweleza atakavyomsingizia kwamba amempa dawa na kumgusa vibaya, na nani atamwamini mzee? Hakuna damu wala kelele. Ndiyo dakika ya kutisha kuliko zote, na inakuonyesha muvi hii ingeweza kuwa nini.

Wazo la aliyekufa kurudi kupitia mtoto si geni kwetu. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Ndiyo maana unaweza kumsikia mama akimwita kijana wake "baba" na wala hafanyi mzaha. Kwetu hilo ni upendo. Sasa fikiria aliyerudi si mzee wako bali mtu katili usiyemjua. Mtoto wako mwenyewe ameenda wapi? Bado yumo? Akikukumbatia, nani anakukumbatia? Maswali hayo ndiyo noma yenyewe. Muvi inayagusa, halafu inakimbilia visu.

Kuna jambo jingine lililonikera zaidi. Karibu kila mtaa una mtoto anayesemwa ana mapepo. Labda ana kifafa, labda hasemi, labda anapenda kucheza peke yake. Muvi ya mtoto wa kutisha ikiwa nzuri inakufanya uwatilie shaka pia watu wazima wanaomnyooshea kidole. The Prodigy haikupi nafasi hiyo. Akili nyingi, upweke, macho tofauti, vyote vinageuka ushahidi dhidi ya Miles. Ilhali macho ya rangi mbili ni suala la melanini tu, na kuna watu wengi wanaoishi nayo bila kumdhuru hata kuku.

Linganisha na The Omen ya 1976. Damien haongei sana, na yeye mwenyewe hafanyi mengi. Watu wanakufa kwa njia zinazoweza kuitwa ajali, na baba yake anabaki kujiuliza kama anaona ukweli au anarukwa na akili. Wewe pia unayumba naye. Huo myumbo ndio unaokufuata mpaka kitandani.

Na usiniambie ni pesa. The Prodigy ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 6. The Babadook, ya Jennifer Kent kutoka Australia, ilitoka 2014 na iligharimu kama dola milioni 2. Ina mama mmoja, kijana wake msumbufu na kitabu cha picha. Mume alikufa kwenye ajali akimpeleka mkewe kujifungua, na sasa mama anamtazama mwanawe kwa jicho ambalo hataki kulikubali. Kwa muda mrefu hujui umwogope mtoto, mama au kile kilicho kabatini.

Kwa hivyo ukiwa na bando la muvi moja tu, chukua The Babadook. Ukiwa na la mbili, The Prodigy iwe ya pili, mchana, mkiwa wengi, mkipiga stori. Hamtapitwa na kitu.