Kushukuru ni kutambua kilichopo, wala si kunyamazia dhuluma

WAKAZI wa Nyeri, Karatina na Nanyuki wanafahamu kwamba Mlima Kenya hauonekani kila saa. Siku nyingi vilele vyake, ambavyo kirefu zaidi kina kimo cha mita 5,199, huonekana vyema alfajiri na mapema asubuhi, kisha mawingu huvifunika kabla ya adhuhuri. Mtu anayepita njiani akiwa ameinamia simu yake, au akiwaza deni la jana, anaweza kuishi chini ya mlima huo mwaka mzima bila kuutazama hata mara moja.

Ndivyo ilivyo kwa mengi yanayomzunguka binadamu. Hakuna awezaye kushukuru kwa kitu ambacho hakukitambua. Kwa sababu hiyo, shukrani haianzii mdomoni. Huanzia machoni na masikioni, pale mtu anapoituliza akili yake ikae mahali ulipo mwili wake.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka wa 2010, watafiti Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahusisha watu wazima 2,250. Waliulizwa kupitia simu zao, saa mbalimbali za siku, walikuwa wakifanya nini, wakiwaza nini na wakijihisi vipi. Ilibainika kwamba kwa karibu asilimia 47 ya nyakati hizo, mawazo yao yalikuwa mbali na shughuli iliyokuwa mbele yao. Isitoshe, kwa jumla furaha yao ilipungua mawazo yalipotangatanga.

Awali, mwaka wa 2003, Robert Emmons na Michael McCullough walikuwa wamewaomba washiriki wa utafiti mwingine waandike mara moja kwa wiki, kwa muda wa wiki 10, hadi mambo matano ambayo walishukuru kwayo. Wengine waliandika kero zao. Walioandika ya shukrani waliyaona maisha yao kuwa bora zaidi kuliko walioorodhesha kero, na hata wakafanya mazoezi ya mwili kwa muda mrefu zaidi.

Lakini maarifa haya si mageni katika eneo la Mlima Kenya. Katika jamii ya Agikuyu, shukrani huitwa ngatho. Kitabu cha Jomo Kenyatta kilichotolewa mwaka wa 1938 kinaeleza jinsi wazee walivyokusanyika chini ya mti wa mugumo, wakauelekea mlima na kumwomba Ngai. Waliomba mvua ilipochelewa, na mavuno yalipopatikana walirudi kushukuru. Shukrani haikuachiwa hisia za mtu binafsi zije zenyewe. Ilitengewa mahali pake na wakati wake.

Mfano wa karibu zaidi ni wa marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka wa 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Katika hotuba yake jijini Oslo mnamo Desemba 10, 2004, alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel, alikumbuka kijito kilichopita karibu na nyumbani kwao. Alipokuwa mtoto akitumwa kuchota maji, alicheza na mayai ya vyura akidhani ni shanga, kisha akawatazama viluwiluwi wakijipenyeza majini. Zaidi ya miaka 50 baadaye, kijito hicho kilikuwa kimekauka na wanawake walitembea mwendo mrefu kutafuta maji.

Karibu na hapo palikuwa na mugumo ambao mamake alimkataza kuokota kuni zake, kwani ulihesabiwa kuwa mti wa Mungu. Baada ya kurejea kutoka masomoni Marekani, Maathai aligundua kwamba mti huo ulikuwa umekatwa ili kupisha majani chai. Wengi walipita hapo wasione kilichopotea. Yeye aliona, kwa kuwa alikuwa amekitazama kijito na mti huo kwa makini tangu utotoni. Mwaka wa 1977 alianzisha vuguvugu la Green Belt, ambalo kufikia mwaka wa 2004 lilikuwa limesaidia kupanda miti zaidi ya milioni 30.

Habari za tuzo hiyo zilimfikia mnamo Oktoba 8, 2004 akiwa safarini kuelekea Nyeri. Kabla ya shamrashamra kuanza, alipanda mti katika uwanja wa hoteli ya Outspan mjini humo, akiwa ameukabili Mlima Kenya. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngatho yake, shukrani ya vitendo kwa mahali palipomlea.

Katika uwanja huohuo pamo nyumba ndogo iitwayo Paxtu. Hapo ndipo alipoishi Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha maskauti, tangu mwaka wa 1938 hadi alipofariki mnamo Januari 8, 1941. Katika ujumbe wake wa mwisho kwa maskauti, aliwashauri waridhike na walicho nacho na wautazame upande mwema wa kila jambo.

Ushauri huo una hekima, lakini pia unazua swali zito. Enzi hizo, Agikuyu wengi walikuwa wamepokonywa mashamba na kubanwa katika maeneo yaliyotengewa Waafrika. Je, nao walipaswa kuridhika? Dedan Kimathi, mzaliwa wa Nyeri, alijibu swali hilo kwa kuingia msituni. Alikamatwa karibu na Nyeri mnamo Oktoba 1956 na kunyongwa mwezi Februari mwaka uliofuata.

Hapo ndipo wengi hukosea kuhusu shukrani. Mkulima anayecheleweshewa malipo ya kahawa yake huambiwa ashukuru kwamba ana shamba. Mfanyakazi asiyelipwa ujira wake huambiwa ashukuru kwamba ana kazi. Huko si kufundisha shukrani, bali ni kumziba mtu mdomo. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Maathai mwenyewe, pamoja na moyo wake wa shukrani, alipinga ujenzi wa jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru mwaka wa 1989, na mwaka wa 1999 akapigwa alipokuwa akitetea msitu wa Karura. Anayeithamini neema huwa wa kwanza kugutuka inaponyakuliwa.

Hata hivyo, kudai haki hakumlazimu mtu kuishi akiwa amekunja uso. Mkulima wa majani chai wa Othaya au Mathira anaweza kufuatilia bonasi yake ya kila mwaka bila kuufanya mwaka mzima kuwa wa kungoja tu. Kati ya bonasi moja na nyingine mna mtoto aliyejifunza kusoma, jirani aliyesaidia kubeba gunia na mvua iliyofika kwa wakati. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mazoezi yenyewe hayahitaji fedha. Kwanza, mtu achague kazi moja ya kila siku, kama vile kukama ng'ombe, kupanga bidhaa sokoni Karatina au kunywa chai, na aifanye simu ikiwa kando. Mawazo yakitoroka, ayarudishe bila kujilaumu.

Pili, kabla ya kulala ataje mambo matatu mema ya siku hiyo na chanzo cha kila moja. Yawe mambo mahususi. Kusema "nashukuru kwa uhai" kila usiku huwa mazoea upesi, lakini kumkumbuka kondakta aliyemrejeshea abiria chenji aliyoisahau humfanya mtu aione siku yake.

Tatu, amwambie anayestahili. Utafiti wa Martin Seligman na wenzake mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba watu walioandika barua ya shukrani na kumpelekea wenyewe mtu aliyewatendea wema walipata furaha iliyodumu takriban mwezi mmoja.

Aidha, ifahamike kwamba shukrani si tiba ya kila kitu. Mwenye huzuni isiyoisha, asiyelala wala kula, anahitaji kumwona daktari. Kumwambia ahesabu baraka zake kunaweza kumwongezea hatia juu ya maumivu.

Kwa wengine, zoezi la kwanza linaweza kuanza leo jioni. Huenda yuko mwalimu wa zamani, mkunga au shangazi aliyelipa karo ambaye hajawahi kuambiwa asante. Wengi wa watu hao wamezeeka, na nafasi ya kuwashukuru wakisikia haitadumu milele.