Mganga wa Diski Naye Huugua

Muhula uliopita wanachama wa Chama cha Historia cha shule yetu waliniletea diski ndogo ya kuchukulia mafaili, wakaniambia, "Tusaidie, haifunguki." Ndani yake zilikuwamo sauti 41 za wazee wa hapa kwetu, wakieleza jinsi shule hii ilivyojengwa. Mmoja wa wazee hao, fundi mwashi aliyejenga mabweni ya kwanza, alikuwa amefariki dunia majuma matatu kabla ya siku ile, na binti yake alikwisha kumwomba Mwalimu nakala ya maneno ya baba yake. Nakala nyingine haikuwapo po pote.

Nilifanya kama wafanyavyo wengi. Niliiamuru programu ya kutengeneza diski ianze kazi, na ili isinisumbue kwa maswali nikaiambia ijibu "ndiyo" kwa kila swali. Kazi ilipofika katikati, umeme ukakatika. Uliporudi nikaianza upya. Programu ikamaliza na kutangaza kuwa diski ni nzima. Tulipoifungua, folda ya wazee haikuwamo.

Tangu siku ile wenzangu wameniuliza: Je, programu iliyoundwa ili iponye inaweza kudhuru? Na kama yenyewe ina kasoro, nani huitengeneza, na kwa njia gani? Nimeona vema niyajibu maswali haya katika gazeti letu, kwa kuwa majibu yake yanamfaa kila mwenye simu au kompyuta.

DISKI NI KAMA MAKTABA

Msomaji aifikirie maktaba yetu. Vitabu vimo rafuni; kila kitabu kina kadi inayosema kiko rafu gani; ipo orodha ya majina; na upo ubao unaoonyesha nafasi zilizo tupu. Diski nayo ni hivyo hivyo. Imegawanywa katika vipande vidogo, mara nyingi vya baiti 4,096 kila kimoja, hata diski ya baiti bilioni 500 huwa na vipande zaidi ya milioni 122. Kila faili lina kadi yake, ambayo wataalamu huiita inodi, nayo huonyesha vipande vyake vilipo. Folda ni orodha tu ya majina, na kila jina hutaja namba ya kadi. Tena kuna ramani ionyeshayo vipande vilivyotumika na vilivyo wazi.

Sasa, mkutubi akiitwa ghafula baada ya kuweka kitabu rafuni lakini kabla ya kuandika kadi, maandishi na rafu havitapatana. Umeme ukikatika, au mtu akichomoa diski kabla ya wakati, hutokea jambo hilo hilo. Ndiyo sababu mifumo mingi ya siku hizi huweka shajara: kompyuta huandika kwanza lile inalokusudia kulifanya, kisha hulifanya. Katika Linux, mfumo wa ext3, ulioingizwa mwaka 2001, ulikuja na shajara ya namna hii. Shajara husaidia sana, lakini haimalizi madhara yote, kwani diski yenyewe huzeeka, na programu zina makosa yake.

KAZI YA MKAGUZI

Programu inayolinganisha kadi, orodha na ramani, na kusahihisha palipo na tofauti, huitwa fsck katika mifumo ya ukoo wa Unix. Iliandikwa na T. J. Kowalski wa Bell Labs huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Kabla yake zilikuwapo programu ndogo ndogo, kama icheck na dcheck, ambazo zilimwonyesha fundi makosa na kumwachia kazi kubwa ya kuyatengeneza. Ile inayotumika kwa diski nyingi za Linux huitwa e2fsck, nayo hufanya kazi kwa hatua tano. Kwanza hukagua kadi na vipande vyake. Pili hukagua orodha za majina. Tatu huhakikisha kuwa kila folda inafikika kutoka kwenye mzizi. Nne huhesabu majina yanayotaja kila kadi. Tano huipatanisha ramani ya nafasi.

Ikikuta kadi njema isiyo na jina, haiitupi. Huipeleka katika folda iitwayo lost+found, na kwa kuwa jina limepotea, huipa namba ya kadi iwe ndiyo jina lake. Msomaji aikumbuke folda hiyo, nitairudia.

MAKOSA YA MKAGUZI MWENYEWE

Kasoro katika programu nyingine huharibu kazi moja, bali kasoro katika programu ya kutengeneza diski huweza kuharibu kila kitu kilichomo, tena mikononi mwa mtu ambaye amekwisha kupata hasara na anatafuta msaada. Nitatoa mifano mitatu.

Desemba 2020 Microsoft ilikiri kwamba katika baadhi ya kompyuta chache zilizopokea marekebisho mapya ya Windows 10, kuendesha programu ya chkdsk kwa amri ya kutengeneza kuliweza kuharibu mfumo wa mafaili hata kompyuta isiwake. Kosa hilo lilisahihishwa, na waliokwisha kupatwa wakaelekezwa kuiendesha chkdsk ile ile, safari hii kutoka sehemu ya uokoaji ya kompyuta.

Mfano wa pili unafundisha zaidi. Kati ya hatua ya tatu na ya nne, e2fsck huweza kuzipanga upya orodha za majina. Ikikuta majina mawili yanayofanana katika folda moja, hubadilisha moja kwa kuliongezea alama mwishoni. Waandishi wake walidhani kwamba kufikia hapo orodha zote zimekwisha kusahihishwa katika hatua ya pili. Lakini programu humwuliza mtumiaji, na mtumiaji ana haki ya kujibu "hapana". Basi ukurasa mbovu uliweza kupita mpaka hatua ya kupanga, ukiwa na jina lisilo na herufi hata moja. Kutafuta herufi ya mwisho ya jina la namna hiyo ni kama kukanyaga kidato cha ngazi kisichokuwapo: programu iliweza kuandika nje ya mpaka wa kumbukumbu iliyopewa, na mtu mwovu angeweza kuitayarisha diski makusudi ili aitawale kompyuta ya anayeikagua. Dawa iliyotolewa katika toleo la 1.45.5, mwanzoni mwa 2020, ilikuwa fupi: kabla ya kuipanga orodha, itazame kwanza, ikiwa imeharibika, usiiguse. Kosa halikuwa katika hesabu. Lilikuwa katika kuamini kwamba mwingine amekwisha kuifanya kazi.

Mfano wa tatu unanihusu mimi. Mwaka 2018 watafiti wa New Mexico State University walionyesha kwamba wakaguzi wa diski wakikatizwa katikati ya kazi, kama kwa kukatika umeme, wanaweza kuacha madhara ambayo hata kuwaendesha tena hakuyaondoi. E2fsck ilikuwa na njia ya kuweka nakala ya kila kipande kabla ya kukibadilisha, ili kazi iweze kutenguliwa. Hata hivyo watafiti waliona kwamba hapakuwa na hakika ya utaratibu: kipande kipya kiliweza kufika diskini kabla nakala ya kile cha zamani haijahifadhiwa. Ni sawa na fundi anayevunja ukuta wa zamani kabla ya kuweka nguzo za kushikilia paa.

JINSI KASORO INAVYOTENGENEZWA

Kazi hii ina taratibu zake, na haraka haina nafasi.

La kwanza ni kumhifadhi mgonjwa. Fundi hafanyi majaribio katika diski yenyewe, bali katika nakala yake kamili. Diski ikiwa kubwa mno, ipo programu iitwayo e2image inayonakili kadi, orodha na ramani tu, bila yaliyomo ndani ya mafaili. Huweza hata kuyavuruga majina, ili mtu aweze kuwapelekea waandishi wa programu mfano wa ugonjwa wake bila kutoa siri zake.

La pili ni kulirudisha kosa kwa kupenda. Kosa linalotokea leo na kutoweka kesho halitibiki. Fundi huipunguza nakala ile hadi ipatikane diski ndogo kabisa yenye ugonjwa ule ule.

La tatu ni kuuliza: programu iliamini jambo gani lisilo kweli? Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Programu ya kawaida inaweza kuyaamini yale inayoyasoma diskini, lakini mkaguzi hana ruhusa hiyo. Kila namba anayoisoma, iwe ni urefu wa jina, namba ya kadi au hesabu ya vipande, ni neno la shahidi ambaye huenda anasema uongo.

La nne ni kupima mara mbili. Mkaguzi akimaliza huacha namba ya jibu: 0 maana yake hapakuwa na kosa, 1 maana yake makosa yalikuwapo na yametengenezwa, 4 maana yake yamebaki. Diski ya majaribio hukaguliwa mara ya kwanza, na jibu linalotazamiwa ni 1. Kisha hukaguliwa tena papo hapo, na jibu sharti liwe 0. Likiwa tena 1, basi matengenezo ya kwanza hayakuwa matengenezo.

La tano, diski ndogo ile haitupwi. Waandishi wa e2fsck wanazo mamia ya diski wagonjwa za namna hiyo, na kila badiliko jipya hujaribiwa kwa hizo zote, ili ugonjwa uliokwisha kutibiwa usirudi.

TUNALOJIFUNZA

Sina ushahidi kwamba programu niliyoitumia ilikuwa na kasoro yo yote. Kasoro ilikuwa kwangu. Ningalifanya nakala kwanza, kukatika umeme kusingalinitia hofu. Ningaliiamuru ikague tu bila kubadilisha, ningaliyaona maswali yake kabla ya kuyajibu. Mtu anayesema "ndiyo" kwa kila swali la daktari hajatibiwa, amebahatisha.

Tulifungua lost+found, tukakuta mafaili 38 yenye namba badala ya majina. Kwa jioni nne tulikaa na wanachama wa Chama cha Historia tukiyasikiliza moja moja, tukiuliza, "Huyu ni nani?" Mafaili matatu hatukuyapata kamwe, nayo ni ya wazee watatu ambao, kwa bahati, wako hai na wamekubali kutembelewa tena. Faili la ishirini na sita lilianza kwa kikohozi, kisha sauti ikasema kwamba matofali ya bweni la kwanza yalichomwa kule mtoni. Mwalimu akaitambua sauti ile mara moja. Siku ya pili nakala mbili zilifanywa, na moja akapewa binti yake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza kwa wenzangu: hata mwenye kuziba ufa na aangalie asije akauangusha ukuta.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano