Faili ya ofisi ni ya nani? Misingi ya kutumia Google Workspace

MFANYAKAZI mpya anaporipoti kazini siku hizi, kitu cha kwanza anachokabidhiwa aghalabu si ufunguo wa dawati bali ni anwani ya barua pepe na neno la siri. Katika kampuni, mashirika na shule nyingi, anwani hiyo humfungulia mlango wa Google Workspace, jukwaa linalojumuisha barua pepe, kalenda, uandishi wa hati, lahajedwali za hesabu, mikutano ya video na hifadhi ya faili. Huonyeshwa kwa dakika chache mahali pa kubofya, kisha huachwa ajitafutie.

Kubofya si kazi. Mtu yeyote mwenye subira huweza kujifunza kwa juma moja. Kinachowaponza wengi ni maswali mawili wasiyoambiwa wayaulize: je, faili hii ni ya nani, na ni nani awezaye kuifungua?

Tuanze na neno ‘wingu’, ambalo limewachanganya watu bure. Hakuna wingu. Kuna majengo makubwa yaliyojaa tarakilishi, na mojawapo ya majengo ya Google liko Hamina, Finland, mahali palipokuwa kiwanda cha karatasi kilichonunuliwa na kampuni hiyo mwaka wa 2009. Mitambo yake hupozwa kwa maji ya bahari. (Sisi tuliozeekea katika magazeti hatuwezi kuisikia habari hiyo pasi na kuguna kidogo.) Unapoandika katika Google Docs, maneno yako huhifadhiwa katika majengo ya aina hiyo papo hapo unapoandika, wala si ndani ya tarakilishi iliyo mbele yako. Ndiyo maana huoni haja ya kubonyeza popote ili kuhifadhi kazi, na ndiyo maana hati uliyoianza ofisini Nairobi huweza kuendelezwa kwa rununu ndani ya matatu ya kwenda Thika.

Mpangilio huo una gharama yake. Mnamo Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zipitazo chini ya bahari zilipokatika, mtandao ulizorota kote Afrika Mashariki, na walioweka kazi yao yote mbali wakabaki wakikodolea macho skrini. Faili unazozihitaji kila siku yafaa uziwekee alama mapema ili zipatikane hata bila intaneti.

Faida kubwa, kwa maoni yangu, ni kukoma kwa vurugu za viambatisho. Mhariri yeyote anaijua balaa ya kupokea makala yenye jina la ‘ya mwisho’, kisha ‘ya mwisho kabisa’, kisha nyingine isiyo na jina ambayo ndiyo sahihi. Katika jukwaa hili hutumi nakala. Unatuma kiungo, na wote wanaingia katika hati ileile moja. Historia yake huonyesha nani alibadilisha nini na lini, na toleo la jana huweza kurejeshwa iwapo la leo limeharibiwa.

Unapomshirikisha mtu, unampa mojawapo ya ngazi tatu: kutazama tu, kutoa maoni pembeni, au kuhariri. Aidha, waweza kuwataja watu mmoja mmoja, au kuruhusu kila mwenye kiungo aingie. Hapo ndipo penye mtego. Mtu akichoshwa na maombi ya ruhusa, huamua kuifungulia dunia nzima. Kiungo kikaingia katika kundi la WhatsApp, na orodha yenye majina, nambari za vitambulisho na mishahara ikasomwa na wasiohusika. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 humtwika anayetunza habari za watu wajibu wa kuzilinda, na uvivu wa kutaja majina matano haumwondolei wajibu huo.

Suala la umiliki ndilo gumu zaidi, nami nililijua kwa njia chungu. Kikundi cha ustawi ambacho mimi ni mwanachama kilikuwa na rekodi ya michango ya miaka sita katika lahajedwali moja. Katibu aliifungua kwa akaunti yake binafsi, akatushirikisha sote, nasi tukadhani ni yetu. Haikuwa yetu. Faili katika akaunti binafsi ni mali ya aliyeiunda, hata ikishirikishwa watu mia. Alipohama, akaunti yake ilikuwa imekaribia kujaa, kwa kuwa ya bure hupewa gigabaiti 15 tu, barua pepe na picha zikiwamo. Akafuta folda za zamani. Faili iliyofutwa hukaa katika pipa la taka kwa siku 30, na muda huo wote yeyote kati yetu angeweza kutengeneza nakala. Hakuna aliyetazama.

Tulilazimika kurudia ujumbe wa M-Pesa, mchango mmoja baada ya mwingine. Mjane wa mwenzetu alisubiri fedha za mazishi hadi tulipothibitisha kwamba marehemu hakuwa akidaiwa.

Hata asiyefuta chochote huweza kupoteza. Tangu Desemba 2023, Google imekuwa na kanuni ya kufuta akaunti binafsi zisizotumiwa kwa miaka miwili.

Akaunti za ofisi zina msimamizi, na mfanyakazi akiondoka, msimamizi huweza kumhamishia mwingine faili zake. Sharti afanye hivyo kabla ya kuifuta akaunti. Akishaifuta, ana siku 20 tu za kuirejesha. Njia bora zaidi ni hifadhi ya pamoja, ipatikanayo katika vifurushi kadhaa vya kulipia, ambamo faili ni mali ya shirika lenyewe na hubaki hata aliyeiandika akienda zake. Lakini anayeandika kazi za ofisi kwa akaunti yake ya nyumbani ajue kwamba umiliki hauvuki kutoka huko hadi akaunti ya ofisi. Itambidi atengeneze nakala.

Kumjua mmiliki ni rahisi: katika hifadhi yako, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ufungue maelezo yake, na jina litaonekana.

Lahajedwali mpya ya kikundi chetu imo katika akaunti iliyofunguliwa kwa jina la kikundi, na maafisa watatu wanalijua neno la siri. Kila mwisho wa mwezi mweka hazina huipakua na kuichapisha kwenye karatasi.