Kuni, Jua na Miti: Kazi Inayobaki Kijijini



Tukitaja nishati, wengi wetu huwaza nguzo za stima. Lakini nishati ya kwanza ya nyumba ni ile inayoivisha chakula. Hapa Mbumbuni sufuria ya muthokoi hukaa motoni saa nyingi, na kila mama anajua kuni ngapi huisha kabla mahindi hayajalainika. Kuni hizo ni pesa, hata kama hazikununuliwa, kwa sababu zimekula muda wa mtu na zimetoka kwenye mti wa mtu.

Katika toleo hili tunauliza: je, nishati inaweza kuwapa vijana wetu kazi bila kumaliza miti? Inaweza. Lakini si kila mradi unaoitwa wa nishati huacha kazi kijijini.

Makaa: mali inayoondoka kwa lori

Ukame ukija na mahindi yakikauka, mti ndio benki iliyobaki. Wazazi wengi wa Ukambani wamelipa karo kwa makaa, na si haki kuwaita waharibifu bila kuangalia shida yao. Hata hivyo hebu tuangalie hesabu. Katika tanuri la kienyeji la kufunika kwa udongo, kuni kavu kilo 100 hutoa makaa kilo 10 hadi 20 hivi. Zilizobaki zimekuwa moshi na majivu. Gunia linapanda lori, linauzwa mjini kwa bei ya juu, na aliyekata mti anabaki na sehemu ndogo tu, pamoja na shamba lisilo na kivuli.

Serikali imejaribu sheria. Kanuni za makaa za mwaka 2009 ziliwataka wachomaji wajiunge katika vyama vilivyosajiliwa na wawe na leseni. Mnamo Januari 2018 Kaunti ya Kitui, chini ya Gavana Charity Ngilu, ilipiga marufuku biashara ya makaa kutoka kaunti hiyo. Miti ilihitaji kulindwa, kweli. Lakini aliyekuwa akiishi kwa makaa alihitaji kula jioni ile ile. Kukataza ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumpa mtu kazi nyingine, na hapo ndipo vikundi vinapoingia.

Kazi ya kwanza: majiko

Jiko la mawe matatu huachilia joto liende pande zote, na moshi wake huumiza macho na mapafu ya mama na watoto. Jiko bora hufunga moto mahali pamoja kwa udongo uliochomwa, ili joto liende kwenye sufuria.

Jiko la makaa lenye udongo ndani, ambalo sasa liko karibu kila soko la Kenya, lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wakenya waliona majiko ya Thailand, wakayabadilisha yafae hapa. Ya kwanza yalikuwa na kasoro: udongo ulipasuka. Watumiaji wakasema, mafundi wakasikia, umbo likabadilishwa likawa na kiuno chembamba, na udongo ukawekwa sehemu ya juu tu. Mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo, Nairobi, wakatengeneza mabati, na wafinyanzi wakatengeneza vyungu vya ndani. Jiko hilo hupunguza makaa kwa theluthi moja au hata nusu, likitumiwa vizuri.

Kwa kuni, Maendeleo ya Wanawake wakisaidiwa na Wajerumani walieneza jiko la Maendeleo kuanzia miaka ya 1980. Hilo halina bati. Ni chungu tu kinachojengewa jikoni kwa mawe na udongo.

Kwetu akina mama wa Kikamba wamefinyanga vyungu tangu zamani. Ujuzi uko. Kinachohitajika ni kipimo kimoja cha chungu, tanuri la kuchomea, na kijana wa kwenda nyumba hadi nyumba kujenga. Pesa ya mama wa kijiji inakwenda kwa mfinyanzi wa kijiji. Na jiko likivunjika, fundi yuko karibu.

Kazi ya pili: mwanga wa jua

Kijiji cha Ikisaya, mashariki mwa Kitui, kilikuwa mbali na nyaya za stima. Mwaka 2012 kilifungua kituo cha nishati ya jua. Mradi uliongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, pamoja na wataalamu wa Kenya na wengine waliokuwa wamejifunza kutoka vijiji vya India. Hawakugawa taa bure. Kituo kilikodisha taa zilizochajiwa, kilichaji simu, kilipiga chapa karatasi, na watu walikuja kutazama televisheni. Wafanyakazi walikuwa watu wa pale pale, na usimamizi ulikuwa wa jumuiya. Mpango ulikuwa kwamba mapato yalipe mishahara, matengenezo, na betri mpya siku ya zamani kuchoka.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo ya kushika. Paneli hudumu miaka 20 na zaidi. Betri haidumu hivyo. Miradi mingi ya jua hufa siku betri inapokufa, kwa sababu hakuna aliyeiwekea akiba.

Tuchukue mfano. Kikundi kina kituo cha kuchaji simu na kinyozi, na kinaingiza shilingi 6,000 kwa mwezi. Betri iligharimu shilingi 36,000 na inatarajiwa kudumu miaka 3, yaani miezi 36. Basi shilingi 1,000 za kila mwezi si faida. Ni za betri. Weka nyingine 500 za waya na balbu. Kinachobaki, shilingi 4,500, ndicho cha kumlipa kijana anayehudumu. Mkigawana zote 6,000, mnakula betri yenu.

Siku hizi nyumba nyingi zina paneli ndogo, kwa hiyo kukodisha taa pekee huenda kusilipe. Lakini paneli hizo huharibika, na fundi hayuko. Mpelekeni kijana mmoja, msichana au mvulana, chuo cha ufundi. Akumbuke pia kwamba anayefunga mitambo ya jua kwa malipo anatakiwa awe na leseni ya EPRA.

Kazi ya tatu: mukau

Mti wa mukau ni wa nchi kavu yetu. Mbao zake ni ngumu, mchwa hawazipendi, na hufananishwa na mahogani. Shida yake ni kuotesha. Mbegu imefungwa ndani ya kokwa gumu linalopasuliwa moja moja kwa kisu, na mbegu ikiumia haioti. Ndiyo maana miche yake ina soko.

Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, ina kituo Kitui, na kwa ushirikiano na Wajapani imepanda mashamba ya mbegu bora huko Tiva na Kibwezi. Kikundi kinaweza kupata mbegu na mafunzo, kikafungua kitalu. Mti huchukua miaka 10 na zaidi kuwa mbao, lakini mche huuzwa msimu ule ule wa mvua, na matawi ya kupogoa ni kuni bila kuua mti.

Kabla ya kuanza

Msianze zote tatu pamoja. Chagueni moja, ile ambayo mnunuzi wake mnamjua kwa jina. Mfadhili akija na mtambo, mshukuruni, kisha mwulizeni kipuri kinanunuliwa wapi na kwa bei gani. Asipojua, ngojeni kwanza.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Wiki iliyopita kila nyumba ilitumia pesa ngapi kwa kuni, makaa, mafuta ya taa na kuchaji simu? Zilikwenda kwa nani?
2. Nani kati yetu anaishi kwa kuchoma makaa? Tumemwalika kwenye mkutano huu?
3. Ujuzi gani tunao tayari: ufinyanzi, ufundi wa bati, kitalu?
4. Kitu chetu kikiharibika mwaka ujao, pesa za kukitengeneza ziko wapi, na nani anashika daftari lake?